Ubao Uliopunguza Mwendo wa Magari

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya walimu waliniomba niwaandikie kitu cha kuwasaidia kazini. Nadhani walitegemea maandalio ya somo, au namna ya kuwanyamazisha Kidato cha Pili baada ya chakula cha mchana. Maandalio mtayajua wenyewe, na Kidato cha Pili hakinyamazishwi. Mimi nitawaandikia habari za barabara ya lami iliyopita mbele ya shule yangu ya kwanza, kati ya Mikumi na Kidatu. Chuo kilinifundisha Jiografia. Barabara ile ilinifundisha kuwatazama wanafunzi.

Nilizaliwa Kilosa mjini. Babu yangu aliletwa pale na kazi ya reli kutoka Tabora, kwa hiyo nimekulia kwenye filimbi na bendera. Kwetu chombo kikubwa hakipiti mpaka mtu fulani akiruhusu. Nilipopangiwa shule ya kando ya barabara, jambo la kwanza nililotaka kujua ni nani anayeyaruhusu magari. Mtanicheka, lakini swali lile lilinikaa kichwani miaka mingi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Lugome, hakunipokea ofisini. Alinipokea ukingoni mwa lami, chaki ikiwa nyuma ya sikio kama penseli ya seremala.

"Madam, wewe ndiye Jiografia?"

"Ndiyo, Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi ramani yako ya kwanza hii hapa." Akanyoosha mkono. "Upande huu shule. Upande ule wanafunzi. Katikati, kama unavyoona."

Hakutia chumvi. Shule ilijengwa upande ambao ardhi ilipatikana. Nyumba zote zilikuwa upande wa pili. Waliotoka Ruhembe na Ruaha walikuja kwa miguu wakipita kando ya mashamba ya miwa. Waliotoka Vidunda, juu mlimani, walipanga vyumba ng'ambo ya barabara, wakajipikia wenyewe, na Jumamosi walipanda kwao kuchukua unga na maharage. Asubuhi, kengele yetu, ambayo ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa waya, ikigongwa, wote walivuka kwa mkupuo. Mimi nilipewa zamu ya getini. Geti lenyewe halikuwepo. Ilikuwa nafasi tu kwenye uzio wa michongoma.

Mwanzoni kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Yalipita matrekta ya miwa, na basi ambalo ulilisikia likikohoa kabla hujaliona. Kisha biashara ikafunguliwa. Wale waliokuwa watoto wakati ule watawaambia kuhusu mitumba na sabuni ya kuogea iliyorudi madukani. Mimi nawaambia kwamba sabuni ilirudi na mwendo ukaja nayo. Yakaja mabasi ya watu binafsi yenye rangi kama vitenge, malori ya mchele wa Ifakara, na vibasi vilivyokwishachoka huko ng'ambo vilikotoka lakini vilivyojiona vijana kwetu. Mabasi mawili yakigombea abiria wa kituo kimoja, hakuna aliyekumbuka kwamba kati yao na kituo kuna shule.

Mwaka niliotaka kuwasimulia, msichana wa Kidato cha Pili aitwaye Neema aligongwa na kioo cha pembeni cha basi. Basi halikusimama. Neema alivunjika mkono na kupona, na mwandiko wake baada ya hapo ulikuwa bora kuliko wa awali, jambo ambalo sijapata maelezo yake mpaka leo. Lakini habari ilipanda mlimani haraka kuliko yeyote aliyewahi kuupanda kwa miguu, na asubuhi moja nikamkuta Mzee Mahimbo amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, fimbo kati ya magoti.

Huyu alikuwa baba yake Shukuru wa Kidato cha Nne. Shule yetu haikuwa imewahi kupeleka msichana Kidato cha Tano. Walimu wote, pamoja na wale ambao hawakubaliani hata kuhusu mvua, walikubaliana kwamba Shukuru angekuwa wa kwanza. Alikuwa mtoto wa kuuliza "kwa nini" mara ya pili baada ya kujibiwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja kumchukua Shukuru."

Mkuu akatoka ofisini, akaketi karibu naye kwenye benchi. "Mzee mwenzangu, mwisho wa mwaka ana mtihani."

"Najua. Na huyu aliyevunjika mkono alikuwa na nini mwisho wa mwaka? Na yeye alikuwa na mtihani." Akaigonga fimbo chini. "Kwetu mlimani kuna chui, Mwalimu. Lakini chui wetu akipita leo, kesho hapiti. Huyu wenu anapita kutwa."

Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mwisho Mzee Mahimbo alisema, "Nawapa mpaka shule zifungwe mwezi wa sita. Nitashuka mwenyewe. Nikikuta magari yanapita hapa kama yanavyopita leo, nampandisha nyumbani, akalime. Atakuwa hai."

Shukuru alikuwa amesimama kwenye kona ya darasa, anasikia kila neno. Baba yake alipoondoka alinifuata. "Madam, hivi gari linahitaji umbali gani kusimama?" Sikujua. Nikamwambia tutatafuta jibu pamoja. Nilimaanisha.

Nilianza kwa utaratibu. Nilisafiri hadi Kilosa kuomba matuta. Ofisa niliyemkuta alikuwa muungwana, akanipa kiti na chai, akanieleza kwamba barabara ile iko chini ya mkoa, na kwamba wilaya ikijenga tuta, mkoa utakuja kulifukua. Tuliandikia mkoa. Wakati tukisubiri, Mkuu alichora kibao kwa mkono wake: SHULE. PUNGUZA MWENDO. Herufi zilikuwa nzuri ajabu. Madereva hawakukitazama. Mbuzi ndio walikipenda, walikuja kujikuna.

Kisha Mkuu akapata wazo la majani. Mnajua gari likiharibika barabarani dereva hukata matawi mabichi na kuyapanga nyuma na mbele, ili wanaokuja wajue kuna kitu. Asubuhi moja, kabla ya rimu kugongwa, Mkuu aliweka matawi pande zote mbili za shule. Sijapata kuona utii kama ule. Malori yalipunguza gia. Mabasi yalitambaa. Makonda walichungulia madirishani wakitafuta gari bovu, wakaona watoto wenye sare wanavuka taratibu. Wiki nzima tulivuka kama mabwana. Mkuu alitembea akipiga mluzi.

Ndipo akaja Kasimu.

Kasimu alikuwa dereva wa lori la mchele, mtu mpana, ovaroli imejaa grisi. Alikuja kwa miguu, na tawi mkononi, akalitupa mbele ya Mkuu kama mtu anayerudisha nguo iliyochanika.

"Nani anaweka haya pale nje?"

"Mimi," akasema Mkuu.

"Kuna gari bovu?"

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Bado."

"Basi mzee wangu, kwa heshima zote, umesema uongo barabarani."

Akatueleza. Jana yake lori lake lilikuwa limepasukiwa tairi kule kwenye kona, mbele kidogo ya shule. Aliweka matawi, utingo wake akaingia chini na jeki. Basi likaja bila kupunguza. Kasimu alisikia konda akimwambia dereva wake, "Hayo majani ya shule tu, twende!" Utingo alijiviringisha mtaroni. Jeki ilibaki imepinda kama ndoano.

"Sisi tukiharibikiwa porini hatuna wa kumwita," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka sasa. "Tuna tawi. Tawi ndilo mdomo wetu. Mkilitumia kila siku, siku nikilia hakuna atakayenisikia."

Mkuu aliokota lile tawi, akalitazama. "Umesema kweli. Kesho hutayaona."

"Na watoto?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza."

Mkuu alirudi ofisini bila mluzi. Nikamsindikiza Kasimu hadi kwenye lami, kwa sababu nilikuwa na swali. Kwa nini dereva analiheshimu tawi na kukidharau kibao? Vyote viwili vinasema jambo lile lile.

"Havisemi," akajibu. "Kibao kilikuwepo jana na kesho kitakuwepo. Tawi limekatwa leo. Tawi lina habari, Mwalimu. Mtu mwenye habari unamsikiliza."

Nilirudi darasani nikiwa na neno hilo. Habari. Nilifundisha pepo za kusi huku nawaza habari. Shukuru akaniuliza kama ninaumwa.

Jibu lilikuja kwa bahati, kama yanavyokuja majibu mengi ambayo baadaye tunayaita mipango. Tulikuwa na ubao wa pongezi wa kubebwa. Kila baada ya majaribio, Mkuu aliandika majina ya waliofanya vizuri na kuuweka uwanja wa paredi. Ilikuwa desturi yake pia kuandika kijiji cha mtoto, kwa sababu alisema mtoto hafaulu peke yake. Ubao ulikuwa umechakaa, tukaupaka upya kwa masizi ya betri za redio zilizopondwa na kuchanganywa na maji ya majani. Viranja wakautoa kando ya barabara, penye jua, ukauke. Ulipokauka hawakuwa na subira ya kuurudisha. Wakaandika hapo hapo, kwa chokaa na brashi ya kupakia ukuta, herufi za ukubwa wa mkono.

Nilikuwa zamu. Nikasikia basi likibadili gia na kushuka mwendo. Nikadhani limepata pancha. Halikuwa na pancha. Konda alikuwa amening'inia mlangoni anasoma kwa sauti kama anaita abiria: "Halima Saidi, Ruhembe, wa kwanza Hisabati! Yohana Masanja, Ruaha, Baiolojia!"

Mama mmoja ndani akauliza, "Halima wa Saidi yupi? Yule wa mashineni?"

"Hata mimi sijui, mama, waulize wenyewe!" Basi lilipofika usawa wa wanafunzi lilikuwa linatembea kama mtu anayesindikiza mgeni. Konda akapaza sauti: "Halima wa Ruhembe yupo?" Halima akajificha nyuma ya mwenzake, na kila mtu akamwonyesha kwa kidole.

Nilisahau kuandika waliochelewa siku ile. Basi lililofuata lilipunguza. Lori likapunguza. Hata kibasi kilichokuwa na haraka ya kwenda kusubiri abiria kilipunguza.

Siku ya pili nilisimama tena nitazame. Yalipunguza, lakini kidogo. Siku ya nne basi la Halima lilipita kama zamani. Konda aliutupia ubao jicho moja, akaona ni wale wale. Hapo nikaelewa alichoniambia Kasimu. Nikaenda ofisini bila kubisha hodi.

"Mkuu, wanataka majina mapya."

"Nani?"

"Magari."

Tukatengeneza mbao mbili, moja kila upande, mbali kabla ya kivuko, ili gari liwe limekwishatulia linapofika kwa watoto. Kasimu alitoa mbao za bodi kuukuu la lori lake. Alizileta mwenyewe, akabisha kidogo kwa ajili ya heshima yake. "Sasa mnataka nisome huku naendesha?"

"Wewe punguza," Mkuu alimwambia. "Utingo wako asome."

"Utingo wangu hajui kusoma."

"Basi punguza zaidi."

Wanafunzi walikatazwa kusimama kwenye mbao hizo. Walinung'unika kwamba majina yao wanasomewa watu wasiowajua. Lakini waliyasikia kutoka vinywani mwa makonda, na nadhani waliyapenda zaidi hivyo.

Shida iliyobaki ilikuwa kubwa, nanyi vijana ndiyo hasa nataka muisikie. Majaribio hayafanyiki kila wiki. Waliofaulu walikuwa wale wale, na magari yalikwisha kuwazoea. Ili watoto wavuke salama Jumatatu, ilitubidi tuwe na pongezi mpya, na ziwe za kweli, kwa sababu Kasimu alikwisha kutufundisha uongo wa barabarani unavyolipwa. Kila Ijumaa ofisi ya walimu ikageuka baraza.

"Juma je? Hajawahi kuandikwa."

"Juma tutamwandika nini? Kuchelewa?"

"Hajachelewa wiki hii."

"Kwa sababu alikuwa anaumwa."

Mwalimu wa Kilimo akasema polepole kwamba Juma ndiye aliyeotesha miche ya kando ya choo, peke yake, bila kutumwa. Hakuna aliyekuwa anajua ni nani aliyeiotesha. Wengi wetu hatukuwa tunajua kwamba kuna miche. Jumatatu magari yakasoma: JUMA HAMISI, RUAHA, AMEOTESHA MITI. Dereva mmoja wa trekta alisimama kabisa, akauliza kama miche inauzwa.

Ndivyo tulivyoanza kuwatafuta. Tulimpata mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa, ambaye alikuwa haongei darasani, kumbe anajua majina ya nyota kwa lugha yao. Tulimpata golikipa ambaye kila mechi alikuwa anawafulia wenzake jezi. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa nikidhani nawajua wanafunzi wangu. Nilikuwa najua alama zao.

Mwezi wa sita ulifika. Siku ya kufunga shule, Mzee Mahimbo alishuka kutoka mlimani, akapanda basi kwenye njia kuu ili, kama alivyosema baadaye, aone barabara kwa macho ya gari. Nilikuwa zamu. Shukuru alikuwa amefunga godoro lake kwa kamba. Hakuniambia ni kwa ajili ya likizo au kwa ajili ya kuondoka, nami sikuthubutu kuuliza.

Basi likatokea kwenye kona. Likafika kwenye ubao. Likapunguza. Ndani abiria walikuwa wanabishana kuhusu jina la mtoto mmoja wa Ruhembe, ni wa ukoo gani, na ubishi ulikuwa haujaisha basi liliposimama. Mzee Mahimbo akashuka. Alisimama kando ya lami akatazama basi likiondoka, kisha lori lililofuata, kisha trekta. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Aliendelea kutazama. "Jina la mwanangu sikulisikia."

"Liliandikwa mwezi uliopita, Mzee. Wiki hii ni zamu ya wengine."

"Mtaliandika tena lini?"

"Akifaulu kwenda Kidato cha Tano. Lakini kwanza afanye mtihani."

Alinitazama, akajua nilichofanya, na nadhani hakuchukia. Akamgeukia binti yake. "Godoro hilo unalipeleka wapi? Panya watalila kule nyumbani. Liache hapa, likizo ni fupi." Kisha kwangu: "Siku hiyo muandike Vidunda kwa herufi kubwa. Madereva wengine hawaoni vizuri."

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Mkuu aliandika mwenyewe, kwa brashi iliyooshwa: SHUKURU MAHIMBO, VIDUNDA, KIDATO CHA TANO. Vidunda ilichukua nusu ya ubao. Wiki ile nilisikia honi kuliko siku za harusi. Kasimu alisimamisha lori, akamsomea utingo wake herufi moja moja, na utingo akazirudia. Mzee Mahimbo alishuka na wazee wenzake wanne, wakakaa kwenye nyasi ng'ambo ya mtaro siku nzima, wakiyasikiliza magari yakilisoma jina lao.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda na kiti, kitambaa kibichi na brashi ya chokaa. Mzee Mahimbo alikuwa pale. Nilijua atakuwepo, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba jina la Shukuru tutaliacha wiki nyingine. Lilikuwa jina la kwanza la aina yake, na hakuna ambaye angetulaumu. Nyuma yangu basi la asubuhi lilipita. Konda aliutazama ubao, akatuona, akatazama mbele. Halikupunguza. Ng'ambo, watoto wa Ruhembe walikuwa wanakusanyika kuvuka.

Mzee Mahimbo alilisikia lile basi. Akaja, akakishika kiti kwa mikono miwili ili nisiyumbe.

"Futa, Madam," alisema. "Wa kwangu ameshavuka."

Nikapanda, nikafuta. Akanipa brashi.

"Wiki hii ni nani?"